Njia ya Ng'ombe, Njia ya Mkimbiaji

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga. Methali hii nimeifanya ngao yangu tangu nilipoanza kukimbia, jambo nililolianza nikiwa nimekwisha kutimiza umri wa miaka arobaini, baada ya daktari kulitazama tumbo langu na kutikisa kichwa. Sikimbii ili nimshinde mtu. Wazee hunisalimu njiani nami huwa na pumzi ya kutosha kuitikia, na hicho ndicho kipimo changu cha kasi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba makala haya yameandikwa na bingwa. Yameandikwa na mwalimu wa isimu aliyepata fursa ya kukaa majuma sita nchini Ayalandi kwa shughuli za kitaaluma, akabeba viatu vyake vya mbio, na akarudi na swali ambalo hadi leo halijamtoka kichwani: njia ni ya nani?

Mkenya akitajiwa mbio, fikira zake humpeleka Iten, Kaptagat au Nyahururu. Ayalandi haimjii akilini hata kidogo. Hata hivyo, ni vigumu kuisimulia historia ya mbio zetu bila kuitaja nchi hiyo ndogo yenye mvua nyingi. Mnamo mwaka 1976 mtawa wa shirika la Patrician, Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Kaunti ya Cork, alifika Iten kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Hakuja kama mkufunzi wa riadha. Kazi hiyo alijifunzia papo hapo uwanjani. Miongoni mwa vijana waliopitia mikononi mwake ni Peter Rono, aliyenyakua dhahabu ya mita 1,500 jijini Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyezikimbia mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Shule yenyewe ina jina la Patrick, mtakatifu msimamizi wa Ayalandi. Kwa hivyo nilipokwenda kule nilihisi kama mtu anayelipa ziara ya jirani aliyetutembelea kitambo.

Nianze na neno, maana maneno ndiyo kazi yangu. Kwa Kiayalandi barabara huitwa bóthar. Ndani yake limejificha neno jingine, bó, ambalo maana yake ni ng'ombe. Barabara, kwa fikira za Waayalandi wa kale, ilikuwa mahali pa kupitishia ng'ombe. Tia kiambishi cha udogo mwishoni, upate bóithrín, yaani kijia cha mashambani, neno ambalo hata Waayalandi wasioijua lugha ya babu zao hulitumia wanapozungumza Kiingereza. Kiswahili huupachika udogo mwanzoni mwa neno, kikasema kijia. Kiayalandi huupachika mwishoni. Lakini fikira ni moja. Lugha hiyo ina pia neno cosán, njia ya miguu, litokanalo na cos, yaani mguu. Ina vilevile neno slí, njia, ambalo ndilo hilo hilo hutumika katika msemo wa kutaja kazi impayo mtu riziki yake. Njia na riziki ni jamaa. Nani kati yetu atakayebisha?

Bóithrín ndiyo mahali pafaapo pa kuanzia kwa mkimbiaji mgeni. Ni kijia chembamba kiasi kwamba gari moja likipita, mtu hana budi kujibanza uani. Lami yake, kama ipo, ni mikanda miwili ya magurudumu, na katikati huota nyasi za kijani kibichi zenye unyevu. Mkimbiaji mwenye magoti yaliyochoka hufurahi kukanyaga pale katikati. Pande zote mbili kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, au ua wa miti ya miiba. Huko Kerry, kusini-magharibi, ua huo huwa ni wa mti wenye maua mekundu yanayoning'inia kama vipuli. Mti huo uliletwa kutoka Amerika ya Kusini, lakini Waayalandi waliupa jina kana kwamba ulizaliwa kwao: huyaita maua hayo machozi ya Mungu. Nilipolisikia jina hilo nilisimama katikati ya mbio zangu, na sikuona haya kusimama.

Kuna mambo machache ambayo atakaye kukimbia kule apaswa kuyajua. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, kwa hivyo mkimbiaji akae kulia ili ayaone yanayomjia. Njia hizi zina kona nyingi na ua mrefu, na dereva hamwoni mtu mpaka amkaribie. Tangu Februari mwaka 2025 kasi ya kawaida katika barabara hizi ndogo imepunguzwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, nao ni uamuzi wa busara. Mwezi wa Juni mwangaza hubaki hadi saa nne usiku, na mtu aweza kula chakula cha jioni, akapumzika, kisha akaenda kukimbia juani. Mwezi wa Desemba, saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Ama mvua, haina msimu. Wenyeji huizungumzia kama tunavyomzungumzia shangazi mwenye maneno mengi: hawamtaki aje, lakini akikawia wanamuulizia.

Njia iliyonigusa kuliko zote iko Kaunti ya Mayo, magharibi. Inaanzia mji wa Westport, inapitia Newport na Mulranny, hadi kuingia katika kisiwa cha Achill, mwendo wa kilomita 42 hivi, karibu sawa na marathoni kamili. Sikuithubutu kwa siku moja. Niliigawa kwa siku tatu. Sehemu ya katikati, kutoka Newport hadi Mulranny, ni kilomita 18. Upande mmoja kuna milima isiyokaliwa na watu, yenye udongo mweusi wa mboji ambao wenyeji huukata vipande, huuanika na kuuchoma kama kuni. Upande wa pili kuna Ghuba ya Clew iliyojaa visiwa vidogo, na ng'ambo ya ghuba umesimama mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764, ambao mahujaji huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine wakiwa pekupeku. Ni yule yule Patrick wa Iten. Niliuamkia mlima huo kila asubuhi.

Njia hiyo haina magari. Haina pia miinuko mikali, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya garimoshi. Reli ya kwenda Achill ilifunguliwa katika miaka ya 1890 na kufungwa mwaka 1937. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na mtabiri wa zamani aliyesema kuwa garimoshi la kwanza na la mwisho yangebeba maiti. Utabiri huo mtu aweza kuuamini au kuuacha, lakini matukio yenyewe yamo katika kumbukumbu. Mwezi wa Juni mwaka 1894 mashua iliyokuwa ikiwapeleka vibarua wa Achill kwenye meli ya kwenda Uskoti ilipinduka katika ghuba, watu 32 wakafa maji, na garimoshi likatumwa kuwaleta nyumbani kabla ya reli kufunguliwa rasmi. Mwezi wa Septemba mwaka 1937 vijana 10 wa Achill waliokwenda kuvuna viazi Uskoti waliteketea kwa moto usiku katika banda walimolazwa, huko Kirkintilloch. Nao walirudishwa kwa garimoshi, siku chache kabla ya reli kufungwa. Leo watalii hupita hapo kwa baiskeli wakicheka, na sioni kosa katika kicheko chao. Ila mimi, mwana wa nchi ambayo vijana wake wengi nao wamo safarini kutafuta vibarua vya mbali, sikuweza kuikimbia njia hiyo kana kwamba ni uwanja wa michezo tu.

Hapa pana jambo ninalotaka tulitazame kwa makini. Reli ilipokufa, ardhi yake iliingia mikononi mwa wakulima wa pale. Kila mmoja alipata kipande chake, akaweka lango lake. Njia hii ya sasa ilipofunguliwa, sehemu ya kwanza mwaka 2010 na yote mwaka uliofuata, haikujengwa kwa kuwanyang'anya wakulima hao ardhi. Walikwenda kuombwa ruhusa, mmoja baada ya mwingine. Wakakubali watu wapite, huku ardhi ikibaki yao. Yaani njia ile yote, inayosifiwa na wageni wa dunia nzima, imesimama juu ya neno ndiyo lililotamkwa na wakulima wengi wasiojulikana. Mmoja akilighairi neno lake, njia inakatika.

Mgeni hushangaa kusikia kwamba Ayalandi haina sheria ya jumla inayomruhusu mtu kutembea katika mashamba ya watu, tofauti na Uskoti, ambako sheria ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupita akiwa mstaarabu. Njia nyingi za matembezi za Ayalandi, zile zenye vibao vya mtu wa manjano aliyebeba mkoba mgongoni, hupita katika ardhi ya watu binafsi kwa hisani ya wenyewe. Tangu mwaka 2008 serikali imekuwa na mpango wa kuwalipa baadhi ya wakulima hao ili wazitunze njia zinazopita kwao. Malipo ni kwa kazi ya kutengeneza ngazi za kuvukia ua na kuondoa miiba. Ardhi hailipiwi kodi.

Kwa nini mkulima wa Ayalandi aing'ang'anie ardhi yake hivyo? Siku moja nilifika penye lango la chuma lililofunga kijia nilichokuwa nikikifuata. Nikasimama, nikihema. Mzee mmoja mwenye mabuti ya mpira alinijia na mbwa wake. Niliomba radhi nikataka kugeuka. Akaniambia kwamba sina haja ya kugeuka, kwamba watu hupita, ila yeye hupenda kuombwa. Kisha akanieleza kuwa babu yake aliinunua ardhi hiyo kwa kuilipia serikali miaka mingi, na kwamba babu wa babu yake alikuwa mpangaji tu juu ya udongo huo huo, awezaye kufukuzwa siku yoyote kodi ikichelewa. Alilisema hilo kama mtu anayesimulia jambo la juzi.

Msomaji anayeijua historia ya ardhi nchini mwetu hahitaji kufafanuliwa. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya ardhi ya Ayalandi ilikuwa ya makabaila, wengi wao wakiishi mbali, na wakulima walikuwa wapangaji. Mwaka 1879, huko huko Mayo, wapangaji walianza harakati za kudai ardhi wakiongozwa na Michael Davitt, ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa kwenye shamba lao alipokuwa mtoto. Mwaka 1880 walimgeukia wakala mmoja wa kabaila aliyeishi kando ya ziwa Mask. Hawakumpiga. Walikataa kumvunia, kumuuzia, kumhudumia, hata kusema naye. Jina lake lilikuwa Kapteni Boycott, na tangu siku hizo jina hilo limekuwa kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kususia. Kabla ya kuhamia kando ya ziwa hilo aliwahi kuishi kisiwani Achill, mwisho wa njia niliyoieleza. Hatimaye, kwa sheria ya mwaka 1903 na nyingine zilizoitangulia na kuifuata, serikali iliwakopesha wapangaji fedha za kuyanunua mashamba, wakawa wanalipa kidogo kidogo kwa miongo mingi. Basi mzee yule anapotaka kuombwa ruhusa asidhaniwe kuwa ni mchoyo. Analinda kitu ambacho jamaa zake walikaa karne kadhaa bila kuwa nacho.

Mkimbiaji, kwa upande wake, ana wajibu. Lango akilikuta limefungwa, alifunge baada ya kupita. Akilikuta wazi, aliache wazi. Asiende na mbwa penye kondoo, hasa majira ya kuchipua ambapo wana-kondoo wanazaliwa. Na akimwona mwenye shamba, asimame amsalimu. Dakika moja haitampotezea medali.

Kusini ya Westport kuna njia nyingine, ya kusikitisha na kupendeza kwa pamoja. Ni barabara itokayo Louisburgh kupitia bonde la ziwa liitwalo Doo Lough hadi Delphi, zaidi ya kilomita 15. Milima inaliinamia ziwa pande zote na maji yake ni meusi. Huwezi kusikia kitu ila pumzi zako na kondoo. Mwaka 1845 ugonjwa uliviozesha viazi vya Ayalandi, na viazi vilikuwa ndicho chakula cha maskini. Njaa iliyofuata iliwaua watu wapatao milioni moja, na wengine wasiopungua milioni moja wakaihama nchi. Mwisho wa mwezi wa Machi mwaka 1849 mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh kuomba chakula. Wakaambiwa wafike Delphi asubuhi ya pili ili wakaguliwe na wakuu. Walitembea usiku katika baridi kali kwa barabara hiyo. Walipofika hawakupewa kitu, wakaambiwa warudi. Wengi walikufa njiani. Leo pana msalaba wa jiwe usio na madoido, na kila mwaka watu huitembea njia hiyo kuwakumbuka. Mwaka 1991 aliitembea pamoja nao Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini.

Niliikimbia nusu ya kwanza ya barabara hiyo. Nusu ya pili niliitembea. Miguu ilikuwa na nguvu bado, lakini niliona si adabu kuipita mbio.

Sitaki msomaji adhani kwamba nchi yote ni matanga. Katika Kaunti ya Wicklow, karibu na Dublin, kuna bonde la Glendalough ambako mtakatifu Kevin alianzisha nyumba ya watawa katika karne ya 6. Pana mnara wa mviringo wenye urefu wa mita 30 hivi na maziwa mawili yaliyolala bondeni. Njia ya kilomita 9 hivi hulizunguka ziwa la juu, ikipanda ukingo wa mlima kwa vipandio vya mbao nzito zilizokuwa mataruma ya reli, mpaka unaliona ziwa chini kama kioo kilichodondoshwa. Anayetaka masafa marefu zaidi atapata Njia ya Wicklow, ya kwanza kuwekewa alama nchini humo, ambayo ilianza kufunguliwa mwaka 1980 kutokana na juhudi za mwandishi J. B. Malone. Inatoka kando ya Dublin hadi Clonegal, kilomita 130 hivi za misitu na milima.

Kaunti ya Clare nayo ina Burren, nchi ya mawe ya chokaa yaliyotandazwa kama sakafu iliyopasuka, na katika nyufa zake huchipua maua ya kila rangi. Huko kuna vijia vya kale vya nyasi, visivyo na lami, vinavyouzunguka mlima juu ya bahari ya Atlantiki. Wafugaji wa Burren hufanya kinyume cha wafugaji wengine wa Ulaya: wakati wa baridi ndipo wanapopandisha ng'ombe milimani, kwa kuwa mawe yale huhifadhi joto na ardhi huwa kavu, kisha huwateremsha kabla ya majira ya joto. Kwa hivyo maua hupata nafasi ya kuchanua bila kuliwa. Njia anayoikimbilia mtalii ni njia ya ng'ombe hadi leo. Neno bóthar halijasema uongo.

Na ni katika njia za namna hii, si katika viwanja vya fahari, walikokulia wanariadha wa Ayalandi. John Treacy wa Villierstown, Kaunti ya Waterford, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 1978 na tena mwaka 1979 kwao Limerick, katika matope mazito, kisha akapata fedha katika marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Catherina McKiernan, binti wa mashambani katika Kaunti ya Cavan, alipata medali ya fedha ya dunia katika mbio za nyika miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Mwaka 1994, huko Budapest, aliyemtangulia alikuwa dada yetu Helen Chepngeno, Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa wanawake katika mbio hizo. Baadaye McKiernan alishinda marathoni za Berlin na London. Matope ya Cavan na vumbi la Bonde la Ufa yamekutana mara nyingi.

Sasa nirejee kwenye maneno. Kuanzia mwaka 1824 jeshi la Uingereza liliipima Ayalandi yote na kuichorea ramani. Mtaalamu John O'Donovan alizunguka akiyakusanya majina ya mahali kutoka vinywani mwa wenyeji, naye aliyajua maana zake. Lakini majina yalipoingia kwenye ramani yaliandikwa kwa sauti za Kiingereza. Dubh Loch, ziwa jeusi, likawa Doo Lough. Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili, likawa Glendalough. Westport haikuandikwa upya tu, bali ilipewa jina jingine kabisa. Kwa Kiayalandi ni Cathair na Mart, ngome ya ng'ombe wa nyama. Anayesoma kibao kwa Kiingereza anaona bandari ya magharibi. Anayekisoma kwa Kiayalandi anaona ng'ombe.

Katika karne hiyo hiyo mtoto wa Kiayalandi aliweza kuvikwa kijiti shingoni, na kila alipotamka neno la lugha ya mamaye kijiti kikatiwa alama, ili jioni alama zihesabiwe na achapwe. Mimi nami, katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja, nilivaa kipande cha ubao shingoni kwa kosa hilo hilo. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.87 katika Jamhuri ya Ayalandi walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Hata hivyo majina yamebaki ardhini, na vibao vya barabarani sasa vina lugha zote mbili. Penye wasemaji wengi wa Kiayalandi, amri ya serikali iliyoanza kutumika mwaka 2005 iliondoa Kiingereza kwenye majina rasmi. Watu wa mji wa Dingle huko Kerry, unaoishi kwa utalii, walilalamika kwamba wageni wanapotea, wakapiga kura mwaka 2006 wakitaka majina yote mawili, na mwaka 2011 sheria ikawakubalia. Mimi nilikimbia kando ya bahari huko Dingle nikiwaza jinsi ilivyo vizuri watu kugombania jina la kwao. Jina lisilogombaniwa limekwisha kufa.

Mzee wa langoni aliniuliza iwapo kwetu mashamba yana majina. Yake kila kipande kilikuwa na jina: la mteremko, la mti uliokatwa zamani, la mjane aliyewahi kuishi hapo. Akanitajia yote, na mbwa wake akasubiri. Nikamjibu kwamba kwetu pia yapo. Kisha nikajaribu kuyataja ya ujia niliokuwa nikikimbia kwenda shule, kijijini kwetu Bungoma, nikashindwa kuvuka matatu.

Niliporudi nchini nilikwenda nyumbani kuutafuta ujia huo. Umezibwa. Seng'enge imepita katikati, na mwenye shamba jipya amepanda miwa hadi ukingoni. Ana hati yake, nami simlaumu. Watoto wa shule sasa huzunguka kwa barabara kuu, wakipishana na malori ya miwa na bodaboda. Hakuna aliyeombwa ruhusa, na hakuna aliyekuja kuiomba. Sisi hatukupata hata lango ambalo mtu angeweza kubisha. Tulidhani njia iliyokanyagwa na babu zetu haihitaji maneno, wala karatasi. Waayalandi walichelewa kulijua hilo, na sasa hulazimika kuvinunua vijia vyao kwa ruhusa, mkulima kwa mkulima. Sisi tungali na nafasi katika sehemu nyingi, kabla kila ekari haijawekewa kigingi. Wazee wa vijiji, machifu na wakuu wa kaunti wangeweza kuketi na wenye mashamba, waandike ni ujia upi wa watoto, upi wa maji, upi wa ng'ombe, nao wenye ardhi waheshimiwe kwa kuombwa.

Na majina yaandikwe. Jioni ile nilimuuliza mama yangu, ambaye umri umekwenda lakini kumbukumbu haijakwenda, anitajie majina ya ujia ule kutoka nyumbani hadi shuleni. Alinitajia kumi na moja. Jiwe la kunolea panga. Mahali fahali alipozama. Mti wa watani. Nikayaandika yote kwenye daftari, kwa lugha yake, kama alivyoyatamka. Asubuhi yake nilivaa viatu nikakimbia kwa barabara kuu, kandokando ya miwa, nikiyahesabu.